"Weka na ya kutolea": mlaji anailipia pesa yake mara ngapi?

Saa moja jioni, duka la rejareja Mbagala limejaa. Mama mmoja anachukua unga kilo mbili, mafuta ya kupima, kipande cha sabuni na majani ya chai. Hana noti, ana simu. Ukutani, juu ya friji la soda, kuna kibandiko cha Lipa Namba kilichoanza kufifia kwa jua, lakini muuzaji hata hakitazami. Anamtajia namba yake ya kawaida, kisha anaongeza maneno ambayo kila mnunuzi wa mjini anayajua: "Weka na ya kutolea, mama."

Mama anaweka. Anaonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake. Muuzaji anatikisa kichwa na kusubiri ujumbe uingie kwenye simu yake mwenyewe, maana matapeli wa ujumbe wa kughushi wamewaliza wenye maduka wengi. Mlio unasikika, mfuko unavuka kaunta.

Kwa bidhaa zile zile, kijana aliyesimama nyuma ya mama huyo akiwa na noti mkononi atalipa kidogo kuliko yeye. Mama amelipa bei ya bidhaa, amekatwa ada ya kutuma, na amembebea muuzaji ada ya kutoa. Hapo ndipo safari yetu ya kuachana na noti inapokwama. Simu zipo, vibandiko vipo, mifumo ipo. Kinachokosekana ni mahali pa kuizungushia pesa hiyo bila kuitoa. Maadamu kila anayeipokea anataka kuigeuza noti, yupo atakayelipia kazi hiyo, na mara nyingi ni yule mwenye kidogo.

Zama za bahasha

Si haki kulizungumzia jambo hili bila kukumbuka tulikotoka. Kabla ya pesa za simu, hela ya kumtumia mzazi kijijini ilisafiri ndani ya bahasha mikononi mwa dereva au kondakta wa basi. Aliyetuma alirudi nyumbani kutoka stendi ya Ubungo akiomba basi lisiharibike njiani na dereva awe mwaminifu. Ikipotea, hapakuwa na risiti wala pa kulalamikia.

Machi 2007 Safaricom ikazindua M-Pesa nchini Kenya. Aprili 2008 Vodacom ikaileta Tanzania, na kampuni nyingine zikafuata kwa huduma zao: Airtel Money, Tigo Pesa ambayo leo inaitwa Mixx by Yas, na HaloPesa. Haikuhitaji simu ya gharama. Kitochi kilitosha: nyota, tarakimu chache, reli, namba ya siri, na hela iko Sumbawanga. Pia Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kuruhusu pesa ivuke kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Baadhi ya kampuni zilikubaliana mwaka 2014, na Vodacom ikaungana nazo mwaka 2016.

Faida yake imepimwa. Mwaka 2016 watafiti Tavneet Suri na William Jack walichapisha kwenye jarida la Science matokeo ya utafiti wao wa miaka mingi nchini Kenya. Walikadiria kuwa M-Pesa ilizitoa kaya 194,000 kwenye umaskini, sawa na asilimia 2 ya kaya za nchi hiyo, na manufaa yalionekana zaidi kwa kaya zinazoongozwa na wanawake. Sababu haikuwa muujiza. Mtu aliyepatwa na shida aliweza kuchangiwa siku hiyo hiyo na ndugu walio mbali, na wanawake wengi walipata mtaji wa kuacha kilimo cha kujikimu na kuingia kwenye biashara ndogo.

Mlaji wa kawaida anayo orodha yake. Ananunua umeme wa LUKU saa sita usiku bila kutoka kitandani. Analipia huduma za serikali kwa kontrolo namba, pasipo kupanga foleni kwenye dirisha la mhasibu. Hatembei na kibunda kwenye daladala la kubanana. Hata chenji imepata dawa: analipa 2,750 kamili, hapewi tena pipi mbili na kiberiti badala ya salio lake.

Hesabu ya mwenye mia mbili

Shida inaanza kiasi kinapokuwa kidogo. Chukua viwango vya M-Pesa vya Kenya vilivyoanza Julai 2023. Kumtumia mtu shilingi 200 za huko kunakatwa shilingi 7. Aliyepokea akienda kwa wakala kuzitoa, anakatwa 29. Jumla ni 36, yaani asilimia 18 ya pesa yenyewe. Sasa tuma shilingi 50,000. Kutuma ni 108, kutoa ni 278, jumla 386. Haifiki hata asilimia moja.

Viwango vya Tanzania vina tarakimu zake, lakini mwelekeo ni ule ule: kadiri hela inavyopungua, ndivyo makato yanavyokula sehemu kubwa zaidi. Mwenye mshahara anahamisha laki tano mara moja kwa mwezi na halalamiki sana. Kibarua anayeishi kwa kipato cha siku anatuma elfu mbili leo, elfu tatu kesho, na kila mara anaacha kitu njiani.

Kampuni za simu zina hoja yao, nayo ina uzito. Wakala aliye kwenye kibanda chini ya mwavuli anahitaji kamisheni. Analipa pango, anahatarisha usalama wake kwa kukaa na keshi, na lazima awe na floti ya kutosha kuhudumia anayeweka na anayetoa. Kumhudumia mtu wa elfu mbili kunamchukua muda ule ule wa kumhudumia mwenye laki. Noti nayo si bure: kuna kuichapisha, kuilinda, kuisafirisha na kuibadilisha inapochakaa. Ila gharama hizo zinabebwa na taifa zima na mabenki, hazimfuati anayenunua nyanya. Anayetoa noti ya elfu tano gengeni anapata nyanya za elfu tano.

Kwa nini basi muuzaji asiiache pesa yake kwenye simu? Muulize atakupa orodha. Anayemletea mkaa anataka noti. Bodaboda anayebeba mzigo kutoka Kariakoo anataka noti. Mtoto anahitaji nauli ya daladala asubuhi, na kondakta hana Lipa Namba. Fundi, mbeba maji, hela ya kikoba cha Jumapili: noti, noti, noti. Pesa iliyoko kwenye simu inamfikia ikiwa na mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni wakala.

Ndiyo maana kibandiko kile ukutani hakitazamwi. Lipa Namba humpunguzia mnunuzi gharama, lakini muuzaji anakatwa anapotoa mauzo yake, naye faida yake kwenye mfuko wa sukari ni ndogo mno. Anaona nafuu kutoa namba binafsi na kumsukumia mteja makato. Wapo pia wanaoogopa kumbukumbu. Malipo ya simu yanaacha alama, na mwenye duka dogo anayewaza kuwa siku moja ataulizwa mauzo yake na ofisa wa kodi hujisikia salama zaidi na droo ya noti.

Benki Kuu ya Tanzania imejaribu kulainisha njia. Mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaziunganisha benki na kampuni za simu, na msimbo wa TANQR umewekwa ili mteja wa mtandao wowote aweze kulipa kwa kibandiko kimoja. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini bomba likiwa zuri kiasi gani, mwenye duka ataendelea kutoa pesa yake maadamu mwenye mkaa anataka noti.

Majaribio mawili

Afrika Mashariki imewahi kufanya majaribio mawili makubwa kuhusu jambo hili, bila kukusudia, yakiwa yamepishana kwa mwaka mmoja na ushee.

La kwanza ni Kenya. Machi 2020, Uviko-19 ilipoingia, Benki Kuu ya huko na kampuni za simu zilifuta ada kwa miamala isiyozidi shilingi 1,000, ili watu wapunguze kupeana noti. Nafuu hiyo ilidumu hadi mwisho wa Desemba mwaka huo. Benki Kuu ilipotoa tathmini yake, ilieleza kuwa idadi ya miamala ya mtu kwa mtu kwa mwezi ilipanda kwa asilimia 87 kati ya Februari na Oktoba 2020, na watumiaji wapya milioni 2.8 waliongezeka. Hofu ya ugonjwa ilichangia, bila shaka. Lakini ongezeko lilikuwa kubwa zaidi kwenye kundi la chini ya shilingi 1,000, kule kule ada ilikofutwa.

La pili ni Tanzania. Julai 15, 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja kulingana na kiasi, juu ya ada za kampuni na kodi zilizokuwapo. Serikali ilisema fedha hizo zitajenga vituo vya afya, madarasa na barabara za vijijini. Wananchi walipiga kelele mitaani, mitandaoni na bungeni, halafu wakafanya jambo lenye nguvu kuliko kelele: wakapunguza kutuma. Waliokuwa wakituma mara tatu kwa wiki wakakusanya wakatuma mara moja. Wengine wakasubiri ndugu anayesafiri wakampa mkononi. Bahasha ikarudi kwa kondakta. Vodacom Tanzania ilieleza kwenye taarifa za hesabu zake kuwa tozo imeiumiza biashara ya M-Pesa.

Serikali ikarudi nyuma hatua kwa hatua. Septemba 2021 tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000, ingawa wigo ukapanuliwa hadi kwenye benki. Malalamiko yakaibuka upya, na Oktoba mwaka huo baadhi ya makato yakaondolewa. Bajeti ya 2023/24 ikaifuta tozo ya kutuma pesa kwa simu.

Uganda ilikuwa imeshapita njia hiyo. Julai 2018 iliweka kodi ya asilimia 1 kwa miamala ya pesa za simu, na kabla mwaka haujaisha ikaipunguza hadi asilimia 0.5, tena kwa kutoa pekee. Kenya nayo imekuwa ikipandisha ushuru kwenye ada za kutuma pesa, kutoka asilimia 12 hadi 15 mwaka 2023. Pendekezo la kuufikisha asilimia 20 lilizama pamoja na Muswada wa Fedha wa 2024 baada ya maandamano ya vijana.

Funzo la majaribio hayo ni kwamba mlaji wa kipato cha chini anajua hesabu. Anayerudi kwenye noti hana haja ya kuelimishwa juu ya teknolojia. Ameshapiga hesabu ya makato, akaona noti ina nafuu.

Makato yasiyoandikwa kwenye jedwali

Zipo gharama nyingine ambazo jedwali la ada haliziorodheshi. Ya kwanza ni wepesi wenyewe. Noti inapotoka mfukoni mkono unahisi. Kwenye simu, namba inapungua kimyakimya, na salio likiisha huduma haikomi: inakukopesha. Kenya wana Fuliza tangu Januari 2019, Watanzania wana Songesha na nyinginezo. Unapungukiwa na shilingi mia chache kumalizia LUKU, mfumo unajazia, ada inaanza kuhesabika. Kwa dharura, ni mkombozi. Kwa mazoea, mshahara unaingia ukiwa umeshaliwa, kwa sababu deni hukatwa lenyewe mara pesa inapoingia.

Nyuma ya huduma hizo zenye leseni limekuja kundi la wakopeshaji wa mtandaoni, ndugu wa karibu wa wale wanaoitwa mtaani kausha damu. Unapakua programu, unaikubalia isome orodha ya majina kwenye simu yako, unapata elfu hamsini. Ukichelewa kurejesha, ujumbe wa kukudhalilisha unamfikia bosi wako, mama mkwe na mwalimu wa mtoto. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni.

Kisha utapeli. "Ile hela tuma kwenye namba hii" umekuwa ujumbe maarufu nchini, na bado unawanasa watu kwa sababu unamfikia mtu ambaye kweli alikuwa na hela ya kutuma. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019, haujawamaliza matapeli. Anayepata ujumbe wa namna hiyo anaweza kuutuma bure kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano, pamoja na namba iliyoutuma. Na anayetaka kujua kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake pasipo yeye kujua, abonyeze *106#.

Kosa la tarakimu moja nalo lina bei. Jina la mpokeaji hutokea kabla ya kuthibitisha, ila nani husoma jina akiwa amesimama kwenye foleni huku watu wa nyuma wananung'unika? Ukikosea, piga huduma kwa wateja hapo hapo. Aliyepokea akishazitoa, kuzirejesha kunageuka kesi ndefu.

Mtandao ukilala

Mei 12, 2024 nyaya mbili za mkongo wa baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani. Mwaka uliotangulia, Julai 2023, shambulio la kimtandao dhidi ya mfumo wa eCitizen wa Kenya lilivuruga huduma za serikali zinazotolewa na kulipiwa kupitia mfumo huo. Matukio ya namna hii yanapita, lakini yanaacha swali: aliyeacha kabisa kubeba noti, siku hiyo anakula nini?

Nchi zilizotutangulia zinalijibu kwa vitendo. Uswidi ni miongoni mwa jamii zinazotumia noti kidogo zaidi duniani. Wananchi wake hulipana kwa Swish, huduma iliyoanza mwaka 2012, na maduka mengi hayapokei taslimu. Lakini sheria ya huko inazilazimu benki kubwa kuendelea kutoa huduma ya fedha taslimu, na Novemba 2024 serikali ilipogawa kijitabu cha kujiandaa kwa vita au janga, iliwashauri wananchi wawe na noti za kutosha wiki nzima. Norwei, Oktoba 2024, ikaimarisha haki ya mteja kulipa taslimu dukani.

Nigeria ilijifunza kwa machungu. Oktoba 2022 Benki Kuu ilitangaza noti mpya za naira na kuwapa watu miezi michache kurudisha za zamani, lengo mojawapo likiwa kuwasukuma kwenye malipo ya kielektroniki. Januari na Februari 2023 noti mpya hazikutosha. Watu walilala kwenye foleni za mashine za benki, mifumo ya simu ikalemewa, na wenye noti wakawauzia wasio nazo. Machi 3, 2023 Mahakama ya Juu ikaamuru noti za zamani ziendelee kutumika hadi mwisho wa mwaka. Ukiondoa noti kabla njia mbadala haijakomaa, mwenye genge ndiye anayefunga biashara kwanza.

Punguzo linalomruka mwenye genge

Tanzania imeanza kutumia nafuu badala ya fimbo. Bajeti ya 2025/26 ilipendekeza kushusha VAT kutoka asilimia 18 hadi 16 kwa mlaji anayenunua na kulipa kielektroniki. Ni wazo jema: badala ya kumkata anayetumia simu, unamzawadia. Lakini VAT hutozwa na wafanyabiashara waliosajiliwa, na kiwango cha kulazimika kusajiliwa ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Duka kubwa la vyakula Masaki limo. Duka la Mbagala halimo. Punguzo linamfikia mwenye kadi ya benki na toroli la manunuzi, linamruka anayenunua mafuta ya kupima.

Anayetaka kumfikia huyo ana mahali pa kuanzia. Kwanza, amfuate mwenye duka kwa yule anayemuuzia. Duka la jumla, kituo cha mafuta, daladala na mkulima anayeleta mboga Mabibo wakipokea malipo ya simu bila kukatwa, sababu ya kukimbilia kwa wakala inapungua yenyewe. Pili, noti ibaki kuwa haki. Sheria ya Benki Kuu inaitambua kuwa fedha halali, na ofisi ya umma inayosema haipokei taslimu inamfungia mlango bibi asiye na simu. Tatu, gharama ya miamala midogo ihamie kwa wanaonufaika na wingi wa miamala: benki, kampuni za simu na hazina ya serikali inayopata kumbukumbu za biashara ambazo noti hazikuwahi kuipa.

Kwa kuanzia, miamala midogo ya kuondolewa ada inaweza kuwa ile isiyozidi shilingi 5,000, ambazo ndizo hela za gengeni. Kenya ilionyesha mwaka 2020 kuwa watu hawahitaji kampeni, mabango wala wasanii wa kuwahamasisha. Walihitaji makato yafike sifuri, wakahama wenyewe. Zilipopita siku za nafuu ada ikarudi, na sisi mwaka uliofuata tukaongeza tozo. Waziri wa Fedha atakayetaka noti zipungue nchini hana haja ya kutafuta mtaalamu wa mbali: majibu ya majaribio yote mawili anayo tayari mezani.